Picha Alizozichagua Mama

Kamera yangu iliingia maji kwenye harusi moja kule Keza. Mvua ilikuja na upepo, turubai likachomoka upande mmoja, na maji yote yaliyokuwa yamejikusanya juu yake yakanimwagikia mimi na kamera, maharusi wakiwa katikati ya kukata keki. Nilikwenda nayo nyumbani nimeifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Niliifukia kwenye ndoo ya mchele, na ilipokauka iliwaka. Lakini ndani ya lenzi kulibaki ukungu usiofutika, na kikinga mwanga, lile duara la plastiki nililolirudishia mbele ya lenzi, halikukaa sawa tena. Picha zikawa na weupe kama wa maziwa katikati, na pembeni kote giza.

Nina studio ndogo Ngara mjini. Napiga picha za pasipoti, za kipaimara, za harusi, za watoto wanaomaliza darasa la saba. Mteja wa kwetu anataka picha ing'ae, sura iwe safi hata kuliko ilivyo. Kamera yenye ukungu haina kazi kwa mteja wa namna hiyo. Hata hivyo, kabla ya kuitupa nilitaka kujua imeharibika kiasi gani, kwa hiyo niliipeleka nyumbani kwa mama, Mugoma, nikapiga uwanja wetu kwa kamera hiyo na tena kwa ile ndogo ya zamani, kisha nikasafisha picha zote ili nizilinganishe.

Jumapili nilimpelekea mama. Nilidhani tutacheka.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Baba alishafariki, na mama alikuwa akiishi peke yake na mbuzi wake na migomba yake, akilima mwenyewe. Nilimpa picha. Alizishika moja moja, akazisogeza karibu na uso, akazigeuza polepole.

"Hii umeipiga zamani?" aliuliza. Alikuwa ameshika ile iliyotoka safi.

"Hapana mama. Zote za juzi."

Akaiweka kando. Akachukua ile iliyoharibika, akaitazama, akatazama uwanja, akaitazama tena.

"Ya juzi ni hii," alisema. "Uwanja wetu siku hizi ndivyo ulivyo."

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ndiyo mbovu, atazame pembeni, hata mparachichi wetu haupo.

"Mparachichi mpaka ugeuze kichwa," akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo linalojulikana na wote. "Ukigeuza kichwa ndiyo unauona."

Sikucheka tena. Nilisimama kando yake, upande wa kulia, nikainua mkono wangu na kuupunga taratibu. Aliendelea kutazama mbele. Nilisogeza mkono hadi karibu na pua yake ndipo akashtuka na kuniuliza nafanya nini.

Siku ile mambo mengi yalijipanga kichwani. Mama alikuwa amemkanyaga mwanamke mmoja kanisani. Alikuwa amejikwaa kwa mbuzi aliyefungwa palepale anapofungwa kila siku. Alikuwa akimimina uji kando ya kikombe. Kaka yangu, anayeuza vipuri vya pikipiki Biharamulo, alikuwa akisema ni uzee, na siku nyingine alisema mama anataka kuonewa huruma ili tuje mara kwa mara. Mama mwenyewe hakuwahi kulalamika. Nilipomuuliza tangu lini, alisema hajui. Giza lilikuja kwa pembeni, alisema, kama jioni inavyoingia ndani ya nyumba, nawe unaendelea na kazi zako tu mpaka mtu mwingine aje aulize mbona hamjawasha taa.

Nikasikia kuna daktari wa macho atafika Biharamulo. Tulipanda gari Benaco asubuhi. Mama alivaa gauni la kanisani na kubeba ndizi mbivu za kumpa daktari. Alikuwa na matumaini, kwa sababu jirani yetu mmoja alikuwa na mtoto wa jicho, akaondolewa, na sasa anachambua mchele mwenyewe. Njia nzima mama alikuwa akiniambia mambo atakayofanya akirudi. Tulipopita Nyakahura alikuwa kwenye kupalilia kahawa. Tulipofika njia panda ya Lusahunga alishavuna.

Daktari alikuwa kijana, ana umri wa mdogo wangu kama ningekuwa naye. Alimwamkia mama, mama akaitikia marahaba na kumpa ndizi. Alimpima kwa muda mrefu. Akampulizia hewa machoni, akammulika, akampa kitu cha kutazama na kubonyeza kila aonapo nukta ya mwanga. Mama alibonyeza mara chache sana. Mimi nilikuwa naziona nukta zote kutoka nilipokaa, nilitamani kumbonyezea.

"Mama, si mtoto wa jicho," daktari alisema. "Ni presha ya macho. Imeua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kilichokwenda hakirudi, hata kwa upasuaji. Nitakupa dawa ya matone ili tulinde kilichobaki."

Mikono ya mama ilikuwa juu ya mapaja, imetulia. Kisha akauliza, "Hiki kilichobaki, nikitumie kidogo kidogo?"

"Kwa vipi, mama?"

"Nikikitumia kidogo kidogo kitanifikisha mbali?"

Daktari alitazama chini. Akamwambia kuona hakumalizi macho, atumie tu. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alipokwenda kukaa kwenye benchi la nje, daktari akaniambia ugonjwa huu hupita kwenye familia, nikae na mimi anipime. Nilikaa kwa sababu kiti kilikuwa wazi. Alipomaliza aliniambia jicho langu la kushoto limeanza. Bado dogo, alisema, lakini limeanza. Akaniandikia matone yaleyale.

Niliiweka karatasi yangu ndani ya karatasi ya mama. Tulipopanda gari la kurudi mama alifumba macho tangu Biharamulo hadi Benaco. Nilidhani amelala. Nilipomgusa tushuke alisema hakuwa amelala. Alikuwa anayatunza.

Kaka alipopata habari alikuja Mugoma na uamuzi wake tayari. Mama ahamie kwake Biharamulo, mbuzi wauzwe, shamba apewe mtu alilime. Mama akakataa. Kaka hakuwa mkatili; alikuwa hajaelewa. Alikuwa amemwona mama akitunga uzi kwenye sindano, kwa jaribio moja tu, bila kusaidiwa, na dakika ileile akamwona akiipiga teke ndoo iliyokuwa katikati ya mlango.

"Anaona uzi, haoni ndoo," kaka aliniambia nje. "Wewe unaelewa?"

Nilijaribu kumweleza kwa maneno, nikashindwa. Ndipo nikakumbuka zile picha.

Nilichukua kioo cha kuvisha mbele ya lenzi, nikakipaka mafuta ya mgando pembeni, nikabandika karatasi nyeusi iliyotobolewa katikati. Nikaipiga picha ndoo ikiwa mlangoni, kamera ikiwa kwenye usawa wa macho ya mama. Nikasafisha, nikamletea mama aikague.

"Hapana," alisema. "Giza la huku kushoto lisiwe na ukingo. Huwa siuoni ukingo. Ni kama hapajawahi kuwa na kitu."

Nikarudi kubandua karatasi nyeusi, nikatumia masizi ya jikoni yaliyochanganywa na mafuta, nikayapaka kwa kidole. Mama akasema imekaribia, lakini weupe wa katikati umekuwa mkali mno. Nikapiga tena. Tulifanya hivyo wiki nyingi. Mimi, niliyefundishwa kwamba picha iliyotikisika ni ya kutupa, nilikuwa najifunza kuitikisa kwa kiasi. Wakati mwingine mkono wangu ulikosea na kosa likawa ndilo alilokuwa akilitafuta. "Hiyo," angesema. "Hiyo hapo."

Picha ya ndoo nilimpelekea kaka dukani kwake. Aliishika akiwa nyuma ya meza, kati ya minyororo na tairi. Ndani ya picha kulikuwa na kipande cha mlango, mwanga wa nje, na ukungu. Ndoo haikuwepo. Nilimwonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa.

"Ndivyo anavyoona?"

"Amesema ndivyo."

Alikaa nayo mpaka mteja akamwita mara mbili. Halafu akaniambia, "Bora usingenionyesha." Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya kuuza mbuzi. Alituma mtu akaondoa mawe yote kwenye njia ya kwenda kisimani. Lakini pia alipunguza kuja. Alikuwa akipiga simu, anauliza hali, anakata. Nilimwambia akapimwe na yeye. Alisema atakwenda, na mpaka leo hajakwenda.

Mama naye alianza kuniagiza. Nipigie moto wa jikoni. Nipigie jani la mgomba lililochanika, jua likiwa nyuma yake. Nipigie kile kilima cha upande wa Burundi asubuhi. Alitaka kuziona kwenye karatasi kwa sababu karatasi angeweza kuisogeza machoni, na kilima hakisogei. Moto niliupiga nikiwa nimetikisa kamera, ukatoka kama nguo nyekundu inayopepea kwenye giza. Mama alicheka alipouona, akaushika kwa mikono miwili. "Huo ndio moto wangu," alisema.

Nisiseme uongo, picha zile zilikuwa nzuri. Katika miaka yote ya kung'arisha sura za watu sikuwahi kupiga picha nzuri kama zile. Kwenye picha ya kilima kulikuwa na mstari mmoja tu wa mgongo wake, mwembamba, unaoelea, na chini yake hakuna kitu. Nilikuwa nikizitazama studio wakati hakuna wateja, nasikia furaha, na furaha hiyo ilinitia hofu. Kila picha ilivyokuwa nzuri zaidi, ndivyo kuona kwa mama kulikobaki ndani yake kulivyokuwa kudogo zaidi. Mara nyingine nilifunika jicho la kulia, nikautazama mlango wa studio kwa jicho la kushoto peke yake, nikitafuta kama kona zake zote nne bado zipo.

Nilibandika chache ukutani. Wateja waliuliza kama zimeungua. Mzee mmoja aliyekuja kupiga pasipoti alisimama mlangoni akaniuliza kama mashine ni ileile iliyopiga hizo, nikamwambia hapana, ndipo akaingia.

Kisha akaja kijana mmoja mpiga picha kutoka Mwanza aliyekuwa akielekea Rusumo. Aliingia kuomba kuchaji betri. Alipoinua macho akabaki na betri mkononi.

"Dada, hizi ni zako?"

"Ni zangu."

Alizipitia moja moja. Alizungumza maneno mengi mazuri. Alisema watu wamechoka na picha safi zisizo na roho, kwamba dosari ndiyo inayomwacha mtazamaji aingie, kwamba nimepata mtindo wangu na nisiuache. Alisema kuna ukumbi Mwanza ambako yeye na wenzake wanatundika picha, angependa kuchukua hizi. "Na kama unaweza," alisema, "ongeza ukungu kidogo. Hii ya kilima ingeweza kupotea zaidi."

Nilimwambia itapotea tu, asiwe na wasiwasi. Hakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nilimwambia nitamuuliza mwenyewe, yaani mama.

Mama alifikiri sana kuhusu jambo hilo. Tulikuwa tunamenya ndizi, na kisu chake kilikuwa kimeanza kwenda polepole.

"Watu wa Mwanza wanataka uwanja wetu wa nini?"

"Wanasema unapendeza."

"Wape," alisema. "Lakini waandikie chini kwamba pembeni kuna mparachichi. Wasije wakadhani hapana kitu."

Niliandika maneno hayo kwenye karatasi, nikampa kijana pamoja na picha alipopita akirudi kutoka Rusumo, naye akaahidi. Baadaye alinitumia kwenye simu picha za ule ukumbi. Watu walikuwa wamesimama mbele ya kilima chetu, wengine wameinamisha vichwa upande. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka kiganja kifuani. Chini ya kila picha palikuwa na kikaratasi cheupe chenye neno moja tu, "Utulivu". Nilikuza kila pembe ya zile picha kwenye simu nikitafuta mparachichi. Haukuandikwa.

Mama aliniuliza kama waliambiwa.

"Waliambiwa," nilisema.

"Vizuri."

Msimu wa mvua uliofuata matone yaliadimika. Duka la dawa la Ngara liliishiwa, nikaenda Benaco, nikampigia kaka atafute Biharamulo, akatafuta. Yalipopatikana zilikuwa zimepita wiki ambazo mama alikaa bila dawa. Siwezi kusema ni hizo wiki. Daktari alishasema matone yanachelewesha tu. Lakini baada ya mvua zile mama aliacha kwenda kisimani, akaacha kutunga uzi, na akaanza kuniambia nipunguze moshi jikoni wakati hapakuwa na moshi.

Niliendelea kumletea picha. Nilikuwa nikipaka masizi zaidi, nikiacha tundu dogo zaidi, nikijaribu kumfuata huko alikokuwa anakwenda. Siku moja nilimletea picha ya mlango wa nyumba yetu nilioupiga kutoka ndani, mwanga ukiwa kama sarafu iliyofifia. Niliipenda sana ile picha. Nilimwekea mikononi, nikakaa nikisubiri hukumu.

Aliishika karibu na uso, kama kawaida yake. Alichukua muda. Alipitisha kidole gumba juu ya karatasi.

"Safi," alisema. "Hii ndiyo yenyewe kabisa. Ndivyo ninavyoona."

Picha ilikuwa imegeuka. Alikuwa anatazama mgongo wa karatasi, mweupe, usio na kitu.

Sikumwambia. Nilisema asante, nikaichukua. Nilitoka nikaenda nyuma ya zizi la mbuzi, nikasimama huko kwa muda. Niliporudi alikuwa bado anatabasamu kuelekea mahali nilipokuwa nimekaa. Najua alijua. Mama hakuwa mtu wa kudanganyika hata na nafsi yake. Alikuwa ananipa zawadi, kwa sababu alifikiri kazi ile ilikuwa inanisaidia mimi.

Baada ya hapo sikupaka kioo tena. Nilihamia Mugoma. Studio naifungua siku chache za wiki, naenda na pikipiki asubuhi na kurudi kabla jua halijazama, kwa kuwa mwanga wa jioni umeanza kunisumbua upande wa kushoto. Bado napiga harusi, lakini nimeanza kuwakosa watu wanaosimama pembeni. Katika harusi moja nilimwacha mama wa bibi harusi nje ya picha zote, na familia yake ilikuja kunilalamikia, kwa haki yao. Niliwaomba radhi. Sikusema sababu. Mama pia hajui. Namdondoshea matone yake asubuhi, kisha nakwenda chumbani kudondosha yangu.

Mama sasa hatofautishi hata mchana na usiku. Anajua kumekucha kwa jogoo na kwa baridi ya sakafu. Mbuzi wamebaki wawili. Migomba ya nyuma iliingiwa na mnyauko tukaikata, na nilipokuwa nikiikata aliuliza kila mgomba kwa mahali pake, huo wa karibu na choo, huo uliopandwa na baba yako, nami nikijibu ndiyo, na huo pia.

Kwa miezi kadhaa nilijiona nimepata kazi mpya, ya kumweleza vitu. Jioni tulikaa mlangoni nikamwambia mawingu yana rangi gani, mtoto wa jirani amevaa nini, maua ya kahawa yametoka meupe kiasi gani. Nilijitahidi kuchagua maneno kama nilivyokuwa nikichagua mwanga. Alisikiliza kwa adabu, akisema ee, ee.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapukuchua maharage. Mikono yake ni hodari kuliko yangu. Anatoa kijiwe kwenye ungo bila kusita. Kilima cha Burundi kilikuwa kimeshikwa na jua upande mmoja, nikaanza kumweleza. Nilisema mgongo wake ni wa dhahabu, na chini bluu, na katikati kuna moshi wa mtu anayechoma majani.

"Mwanangu," mama alisema. "Usinieleze tena."

"Kwa nini, mama?"

"Ukinieleza naanza kuvitafuta." Akaendelea kupukuchua. "Nachoka kuvitafuta."

Maganda yalikuwa yanapasuka kwenye vidole vyake, moja baada ya jingine. Kilima kilibadilika rangi, kisha kikabadilika tena, nami sikusema kitu. Hewa ilipopoa aliniambia niwafungue mbuzi niwaingize ndani, nikaenda.